Makala yangu yaligeuka sifuri

Kwa watu wa Dar es Salaam, makala ni maandishi ya gazetini. Kwetu Lubumbashi, kusini mwa Kongo (DRC), makala ni mkaa, na ndiyo yaliyoninyima usingizi karibu mwaka mzima.

Chama chetu kidogo cha Katuba kilipata msaada wa kupima kama komini yetu, yaani sehemu yetu ya jiji, inasogea kuelekea usawa wa kaboni, yaani hewa ya ukaa inayotoka isizidi ile inayofyonzwa. Kwa kuwa niliwahi kufundisha jiografia, kazi ikaniangukia mimi. Mfadhili alituma jedwali la kompyuta lililofuata kanuni ya kupima miji iliyotolewa mwaka 2014 na WRI, C40 na ICLEI, taasisi na mitandao ya kimataifa ya mazingira na miji. Hesabu zake si ngumu. Unachukua kiasi kilichotumika, unazidisha kwa kizidisho chake. Lita ya petroli ya jenereta hutoa karibu kilo 2.3 za hewa ya ukaa, ya mazutu (dizeli) karibu 2.7. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unatokana na maji, kwa hiyo ukifika kwenye safu yake unaandika kitu kidogo sana na kuendelea.

Nikafika kwenye makala. Kilo moja ikiungua hutoa zaidi ya kilo 3 za hewa ya ukaa. Nikaingiza uzito, jumla haikutikisika. Nikafuta, nikaingiza tena. Nilidhani kompyuta imeharibika.

Kumbe ndivyo kanuni inavyotaka. Mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wataalamu wa tabianchi, unasema hewa ya ukaa ya kuni na makala isijumlishwe jikoni, kwa sababu imeshahesabiwa pale mti ulipokatwa. Jikoni inabaki methani na gesi nyingine kidogo tu. Mantiki ipo, la sivyo mti mmoja ungehesabiwa mara mbili. Lakini miti ya makala yetu haikatwi Katuba. Inakatwa msitu wa miombo, nje kabisa ya mpaka wa komini, na huko hakuna aliyetumwa na jedwali. Familia inayochoma kilo 2 kwa siku inafikisha kilo 730 kwa mwaka. Ukihesabu hewa yote ni kama tani 2.4, ukifuata jedwali ni kama kilo 120. Kwa hesabu hiyo Katuba ilikuwa inakaribia utakatifu, na mbabula, majiko yetu ya makala, zinawaka kila ua.

Niliamua kuanza upya kutoka chini, kwa mizani ya kuning'iniza niliyoazima kwa muuza samaki. Familia ishirini katika avenyu tatu zilipokea daftari. Tabu ya kwanza ilikuwa neno "mfuko". Wauzaji hushona kilemba cha majani na vijiti juu ya mfuko ili ubebe zaidi, na kila mmoja ana kilemba chake. Mifuko miwili niliyopima asubuhi moja soko la Kenya (komini ya Kenya, si nchi) ilipishana zaidi ya kilo 15, bei ileile. Muuzaji mmoja aliniangalia nikihangaika na ndoano, akasema: "Mwana yangu, unapima makala yangu juu ya nini? Kodi ingine iko nakuya?" Nilimwambia sitoki serikalini. Hakuniamini, lakini alinisaidia kuinua.

Kosa langu kubwa lilikuwa mwezi. Nilipima Julai, baridi imekaza, watu wanachemsha maji ya kuoga na kuota moto usiku. Ningezidisha ile wiki kwa 52, ningeipa Katuba majira ya baridi mwaka mzima. Januari nikarudia, na mvua nayo ikaja na lake: makala yaliyolowa yanadanganya mizani. Nilianika kilo 5 juu ya bati, jua lilipojitokeza, nikazipima tena jioni ya pili. Zilikuwa zimepungua vya kutosha kunifanya nirudie madaftari yote ya wiki ile.

Halafu kulikuwa na resho, yaani jiko la umeme. Jedwali lilihesabu nyumba zenye umeme na resho kama maendeleo. Karibu kila mwenye resho alinijibu kwamba anapikia resho. Nikaacha kuuliza, nikaanza kuomba nioneshwe majivu yanakotupwa. Nyuma ya nyumba moja yenye resho mbili nzuri kulikuwa na lundo la majivu linalofika magotini. Mama mwenye nyumba alicheka: "Kura inakatika saa ya bukari. Nifanye nini, baba?" Kura ni umeme, bukari ni ugali.

Mwishowe niliandika safu mbili. Ya kwanza inafuata kanuni kama ilivyo, ili tuweze kulinganishwa na miji mingine. Ya pili inafuata makala hadi msituni, na hapo sikuweka namba moja. Miti mingi ya miombo huchipua tena kwenye kisiki ikiachwa. Ikichomwa kila mwaka au shamba likilimwa juu yake, haichipui. Kwa hiyo niliweka kikomo cha chini na cha juu, nikaeleza kinachotenganisha viwili hivyo. Tanuri la udongo lenyewe hula kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya makala, na hilo pia halionekani ukisimama jikoni.

Nikaongeza kipimo kimoja ambacho hakina kaboni ndani yake: mfuko umetoka kilomita ngapi? Waendesha baiskeli wanaosukuma makala wanaijua njia kuliko ramani, na hawana sababu ya kukudanganya kuhusu miguu yao. Wazee kati yao waliniambia zamani walikata karibu na kurudi siku ileile. Sasa wanalala njiani. Mimi nakiamini kipimo hiki kuliko vingine vyote nilivyokusanya.

Ripoti ilirudishwa mara moja, na maombi kwamba safu ya pili "ihamishiwe kwenye kiambatisho". Tulikataa, tukapoteza wiki tatu kwa barua, safu ikabaki palepale ilipo. Kipimo kijacho ni Julai, kisha Januari.

Mizani nilinunua yangu baadaye, ile ya muuza samaki ilirudi kwake. Siku hizi haikai kwangu. Mama wa lundo la majivu huja kuiazima kila anaponunua mfuko, na muuzaji wake amepunguza kilemba.