Uyoga Ndani ya Sufuria

Kilichonipeleka msituni nikiwa na miaka 17 hakikuwa ugomvi wala kufeli masomo. Nilichoshwa na maisha ambayo kila kitu kinakufikia kikiwa tayari: maji bombani, moto jikoni, habari za watu kwenye simu usiku kucha. Nilitaka kujua kama mikono yangu mwenyewe ingeweza kuniweka hai. Nikamwandikia mama barua, simu nikaiacha juu yake, nikaondoka na panga, kisu, sufuria ndogo, turubai na blanketi. Kiberiti sikuchukua, kwa makusudi.

Watu huniuliza juu ya upweke na wanyama. Mimi ninachokumbuka ni kazi. Kijito kilikuwa karibu na maji yake yalimetameta, lakini maji yanayong'aa yanaweza kuwa na vijidudu vya kuhara, na kuhara ukiwa huna wa kukuchotea hata kikombe ni jambo la kufa. Ukiyaacha yatokote kwa dakika 1 yanafaa kunywa. Ukiwa mlimani kupita mita 2,000, dakika 3. Kwa hiyo kila kikombe kilinidai moto, moto ukanidai kuni, kuni zikanidai nguvu.

Na moto wenyewe! Nilipekecha hadi viganja vikavimba malengelenge, nikapata moshi mtupu. Mambo yote yako kwenye mti unaouchagua. Uwimbombo, yaani kile kipande cha chini, unataka mti mwepesi, mkavu kabisa, ambao ukiubonyeza kwa ukucha unaacha alama; tena uwe umekata tawi lililokauka likiwa bado juu mtini, maana lililolala chini limekwisha kunywa unyevu. Ubavuni mwa tundu unachonga pengo ili unga unaosagika ujikusanye mahali pamoja. Ulindi, yaani kile kijiti cha kupekechea, unausokota kati ya viganja huku ukiukandamiza, mikono ikifika chini unairudisha juu upesi joto lisije likapotea. Unga ukiwa wa kahawia, bado. Ukiwa mweusi na ukaendelea kutoa moshi hata baada ya wewe kuacha, basi kaa limezaliwa. Langu la kwanza lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Nikalimwaga kwenye nyasi kavu nilizozifikicha, nikapuliza taratibu, taratibu, mpaka nyasi zikashika. Nililia. Sina cheti nilichokipata shuleni ambacho kilinipa fahari ile.

Tangu hapo sikuuacha moto uzimike. Usiku nilifukia gogo ndani ya majivu, alfajiri nikalifukua na kupuliza.

Kulala nako kulikuwa na elimu yake. Blanketi juu ya mwili halikusaidia kitu mpaka nilipotandika majani makavu chini, rundo la kunifika magotini, kwa sababu ardhi ndiyo iliyokuwa ikininyonya joto.

Njaa haikuja kwa kishindo. Majani ya porini niliyoyajua yalikuwapo tele, na tumbo lilijaa, lakini gramu 100 za majani kwa kawaida hazifikishi kalori 50, na kijana wa umri wangu anayepasua kuni kutwa anahitaji kalori kupita 2,500. Mitego yangu haikukamata kitu. Suruali ikalegea kiunoni. Kisha nikaanza kukaa muda mrefu nikiangalia kitu kimoja, bila wazo lolote.

Asubuhi moja, baada ya mvua, uyoga mweupe ulikuwa umechomoza chini ya mti. Nilijua vizuri kwamba uko uyoga mweupe unaoua, kwamba kuupika hakuondoi sumu yake, kwamba mtu anaweza kuula na asihisi lolote kwa saa 6 au zaidi wakati ini limekwisha kuingiliwa. Yote hayo niliyajua, na bado niliuchuma, nikauosha, nikautia sufuriani. Nilikuwa nikijiambia kwa sauti, "Huu ni mwingine, huu ni mwingine." Sauti hiyo ndiyo iliyonishtua. Haikuwa ya mtu anayefikiri. Nikaimwaga sufuria yote, nikakunja turubai.

Njiani nilimkuta mzee akikata fito.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?"

"Hapana, mzee. Nilikuwa naishi huko."

Hakucheka wala hakunigombeza. Aliuliza moto niliupata wapi, nikamwonyesha ulindi. Akaupima kwa vidole akasema ni mnene mno. Mwembamba unazunguka kwa kasi zaidi. Kisha akanigawia chakula chake, akanisindikiza hadi barabarani akinielekeza miti gani inafaa.

Nyumbani mama alinishika muda mrefu kabla ya kusema lolote, halafu akataka kujua nilikuwa nakula nini. Nilimtajia majani na matunda. Habari ya uyoga nilimweleza miaka mingi baadaye, nikiwa tayari na watoto wangu mwenyewe.