Inama

Leo asubuhi mama yangu amemkaripia tena binti yangu: "Wewe mtoto, hujui kuinama?" Uani kumejaa majani ya mwembe, na binti, ufagio wa chelewa mkononi, alikuwa amechuchumaa anafagia huku anasogea kama bata. Nimecheka peke yangu jikoni. Kisha nimekaa kuandika.

Maana kuinama ndiko kulikofichua, kule hospitali, kwamba mgongo wake umepinda. Aliyeanza kushtuka si mimi, ni fundi cherehani, alipokuwa anampima sare ya kidato cha kwanza. Alishusha futi yake akasema, "Mama, huyu bega moja limeshuka. Nikikata sketi sawa, itaning'inia upande." Nikamjibu haraka kwamba ni begi la shule, analibeba bega moja. Miezi mitatu nikawa naligombeza begi.

Dokta alimwambia aunganishe miguu, anyooshe magoti, akutanishe viganja. "Haya, inama." Mbavu za kulia ziliinuka kama tuta, za kushoto zimelala. Na mtoto huyu nimemwogesha mimi! Lakini msichana wa miaka 13 haogeshwi na mama yake. Anajifungia bafuni na kanga yake. Na huo ndio umri ambao mgongo hukimbia kupinda, kwa kuwa mwili nao unarefuka kwa kasi.

Eksirei ilionyesha mgongo umepinda nyuzi 54. Kuanzia nyuzi 10 wanaita skoliosisi, yaani mgongo kupinda kwenda upande. Kati ya 25 na 40, mtoto akiwa bado anakua, kwa kawaida huvalishwa gamba gumu la plastiki kiwiliwilini ili pindo lisizidi. Likifika 45 au 50 mazungumzo huwa ya kisu, kwa sababu pindo kubwa linaweza kuendelea hata mtu akishaacha kurefuka. Sisi gamba lilikuwa limeshatupita. Nikauliza habari za begi. Dokta akatabasamu: begi halina kesi. Kwa watoto wengi wa umri huu chanzo hakijulikani, na pindo zinazofikia kutibiwa huwapata zaidi wasichana.

Usiku sikulala, nikawa nasoma kwenye simu. Mwaka 1962 Paul Harrington, daktari wa Houston, Marekani, alichapisha njia yake ya kunyoosha mgongo kwa chuma, baada ya kuhangaika na watoto waliopindishwa na polio. Siku hizi ni skrubu kwenye pingili na vyuma viwili virefu, halafu vipande vya mfupa vinatandazwa juu ili pingili ziunge, kama mkono uliovunjika unavyounga. Chuma kinashikilia tu. Kazi ya kudumu inafanywa na mfupa.

Niliogopa kitu kimoja: kupooza. Skrubu inapita jirani kabisa na neva kuu iliyo ndani ya uti wa mgongo. Siku ya upasuaji walimfunga nyaya kichwani na miguuni, mashine ikasikiliza muda wote kama ujumbe wa neva unafika. Ndugu walikuwa wameshachangia damu. Sisi tukakaa kwenye benchi la nje, chupa ya chai katikati yetu, hakuna aliyeimimina. Alipozinduka, nesi akamwambia achezeshe vidole vya miguu. Vikacheza. Sikumbuki nilimwambia nini yule nesi. Wifi yangu anasema nilimkumbatia.

Maumivu ya siku za kwanza sitayaandika, ni yake. Ila siku aliposimama akishika kitanda, alinitazama kutoka juu, akasema, "Mama, mbona umefupika?"

Sasa ni mwaka na miezi. Pingili zilizounganishwa hazikunjiki, kwa hiyo kitu kikianguka anashuka kwa magoti na nyonga, mgongo umenyooka. Nimenunua ufagio wa mpini mrefu. Mama yangu anauita ufagio wa ofisini na ameuficha nyuma ya mlango wa stoo.

"Bibi," nimemsikia binti akimwambia leo, "mimi nina nondo, kama nguzo ya ghorofa."

"Basi na ghorofa lifagie," akajibiwa.