Unampa pole nani?

Siku ya nane leo na bado swali hilo linanirudia. Nikiosha vyombo, lipo. Nikimsuka Nasra, lipo. Hata Jumatano yalipoletwa majibu ya posa ya shemeji yenu (wamekubali, alhamdulillahi, ya mahari tutayasema siku nyingine), mimi nilikuwa nimekaa na sinia la visheti mapajani huku nasikia sauti ya yule bibi wa ufuko wa Shangani, hapa Mtwara tulikokuja.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningekuwa nimeshasahau.

Kosa la kwanza lilikuwa la hesabu, na linaniuma kwa sababu hesabu hiyo naijua. Siku za bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani yetu hii maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka kama saa nne. Ukitoka na mbwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa kuwa jua bado changa na mchanga umepoa, unaikuta bahari ndiyo kwanza imeanza kurudi nyuma, na ufuko umebaki ukanda wa hatua tano hivi kati ya mawimbi na mashua zilizopandishwa. Na kama ni bamvua la mwezi mwandamo, si la mwezi mpevu, basi hizo ndizo siku za giza, siku za wavuvi wa dagaa wanaotoka na taa. Kila palipokauka pametandazwa dagaa. Yaani nilichagua saa nzuri kwa miguu ya mbwa na mbaya kwa kila mtu mwingine aliyekuwa na kazi pale.

Bibi alikuwa anamwaga ndoo ya mwisho juu ya wavu mkuukuu. Tomi, mbwa wetu, alikuwa ametoka majini, anachuruzika hadi tumboni, na kamba yangu ya mita tatu yote iko chini inaburuza mchanga. Akakanyaga ukingo wa wavu. Mguu mmoja, wa mbele, dagaa labda kumi na watano. Kandambili ya bluu ikampata ubavuni, akalia, nami papo hapo nikainama:

"Pole, Tomi. Pole, baba."

"Unampa pole nani?"

"Samahani bibi, shikamoo. Kamba imenitoka."

"Haijakutoka. Umeilegeza."

Basi. Marahaba yangu sikuipata mpaka leo.

Akachuchumaa, akachukua kijiti, akawatenga wale waliokanyagwa na wa kandokando waliogusana nao, mmoja mmoja, akiwasukumia kwenye kifuu. Nikatoa elfu mbili. Hakuitazama. Kifuu kilipojaa nusu akainuka, akaenda kukimwaga mbali, akarudi kuendelea kutandaza kana kwamba pale nilipo ni kigogo kimeletwa na maji.

Ningekuwa mtu wa bara nisiyejua ningejitetea. Lakini hili nimefundishwa chuoni, kwenye Kurani, tangu sina meno ya mbele: kwa sisi wa madhehebu ya Shafi, mbwa akigusa kitu kukiwa na majimaji, kitu hicho ni najisi, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nguo utaiosha. Sufuria utaliosha. Dagaa wabichi waliomwagwa juu ya wavu utawaosha vipi mara saba kwa udongo? Na kikavu kikigusana na kikavu hakiambukizi kitu, hilo nalo nalijua, kwa hiyo Tomi angekuwa mkavu hadithi ingekuwa nyingine kabisa. Bwana mifugo mzima, ninayewahutubia watu Masasi tunakoishi kila msimu wa chanjo ya kichaa cha mbwa, "mbwa wako ni jukumu lako", nimempitisha mbwa aliyelowa kwenye chakula cha watu.

Kuanzia Jumatatu nikageuza mpango. Wanaoniuliza kila mara nikiweka picha ya Tomi, haya, ndivyo tulivyofanya wiki nzima. Sehemu yenye watu tunaipita kwanza, mbwa akiwa mkavu, kamba nimeifupisha kwa kuizungusha kiganjani hadi ibaki mita moja, na mimi ndiye nipo upande wa watu, yeye upande wa maji. Kuoga ni huko mwisho, kusikokuwa na chombo wala wavu. Kabla ya kurudi nampangusa kwa khanga kuukuu, tumbo na makwapa hasa, maana manyoya ya mgongo hukauka na upepo lakini tumbo linabaki kuchuruzika. Siku mbili maji yalipojaa saa ileile ya matembezi, hatukushuka ufukoni kabisa. Tulizunguka barabara ya juu, kwenye minazi.

Kamba fupi ina sababu ya pili, nayo ndiyo inanitisha zaidi mimi wa mifugo. Wavuvi wakichambua nyavu humtupa bunju, yule samaki anayejivimbisha, mchangani, na bunju mbwa humwona mpira. Sumu yake iko kwenye ini, mayai na ngozi, haifi kwa jua wala kwa moto, na dawa ya kuizima haipo. Mbwa aliyemtafuna huanza kutoa mate, miguu ya nyuma inalegea, kisha pumzi. Ukimwona anakokota miguu usisubiri jioni. Ndoana nazo zimo humohumo kwenye takataka za mshipi. Ikishaingia mdomoni usiivute ilikoingilia, kwa sababu ncha ina kijino kinachorudi nyuma na kitachana nyama. Husukumwa itokee upande wa pili, kijino kikatwe kwa koleo, ndipo shina litolewe. Na kama ameimeza na uzi unaning'inia, uache uzi, nenda kwa daktari.

Maji ya chumvi. Tomi ni kilo 22, kwa siku ya kawaida anahitaji lita moja na kidogo, na kwa matembezi ya saa nzima nabeba chupa ya lita moja na nusu na bakuli la plastiki lililokatwa kutoka kwenye dumu. Kila robo saa nampa mafunda machache, awe ameomba au hajaomba, kwa sababu akisubiri kiu atainamia bahari. Lita ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Akinywa kidogo atahara, ndiyo uzuri wake, funzo linafika lenyewe. Akinywa sana atatapika, atayumba, anaweza kupata degedege. Hapo usimwachie ndoo nzima ya maji baridi ajimalizie. Mpe kidogo kidogo huku mnaelekea kwa daktari.

Mchanga: weka mgongo wa kiganja, hesabu hadi saba. Ukishindwa wewe, naye hawezi. Nyumbani namwosha kwa maji ya bomba, maana chumvi ikikaukia vidoleni analamba mpaka anatoka vidonda. Masikio nakausha. Kisha natazama kati ya vidole nikitafuta funza, kile kidoa cheupe chenye nukta nyeusi katikati. Huku si jambo la kubahatisha.

Na kinyesi. Wengi hukifukia mchangani wakidhani wamesafisha. Wamepanda. Mayai ya minyoo ya safura ya mbwa hupenda hapohapo, mchanga wenye unyevu na kivuli cha mnazi, na baada ya siku chache viluwiluwi vyake hupenya nyayo za mtoto na kutembea chini ya ngozi vikichora mstari unaowasha usiku kucha. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, mimi natumia mfuko wa khaki wa dukani na kipande cha boksi cha kuzolea, kisha kinaingia chooni. Kuna mzee mmoja alisimama akinitazama nazoa, akatikisa kichwa, akasema, "Dunia hii." Sijui alikuwa upande gani.

Nimemsimulia wifi yote haya juzi tukivuka kwenda Msangamkuu, ng'ambo ya pili (Tomi alibaki nyumbani, kumpakia mbwa kwenye chombo kilichobanana watu magoti kwa magoti ni utovu wa adabu). Nilitegemea aseme bibi alizidi. Alicheka mpaka akashika ukingo wa boti. "Sasa wewe ulitaka amrushie nani kandambili? Wewe?" Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Lakini kweli, ulimpa pole mbwa." Lakini kweli! Hilo nalo limejiunga na lile la kwanza, sasa wanazunguka wawili.

Leo jioni tumeshuka saa kumi na nusu. Mwezi umefika nusu, maji mafu, yasiyojaa wala kukauka sana, bahari ilikuwa chini ingawa haikwenda mbali, na ufuko umefunguka ukawa mpana kama uwanja. Kusi linapiga, mchanga unapita chini chini kama moshi. Nikamwachia kamba yote. Tomi, ambaye kule Masasi kazi yake ni kulala chini ya mkorosho na kubwekea pikipiki, akamwona kaa. Kaa akasimama. Tomi akasimama. Kaa akainua gando, akakimbia kiubavu, na Tomi, Mungu wangu, naye akajaribu kukimbia kiubavu! Miguu ya mbele ikapishana na ya nyuma, akaanguka kifudifudi, akainuka na pua yote mchanga, akaanza kuchimba shimo ambalo kaa hakuingia. Nasra alicheka mpaka akapata kwikwi. Nami nilicheka hivyo, sauti juu, kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Tulipita pale. Bibi hakuwepo, siku za giza zimekwisha, wavu wake umekunjwa na kuwekewa jiwe. Nilikuwa nimejiandaa kuanza na shikamoo.

Kesho tunarudi. Gari la shemeji lina mlio upande wa mbele, unaanza mwendo ukifika sitini, nikikata kona ya kulia unazidi, nikikata ya kushoto unapungua. Baba Nasra anasema ni tairi. Mimi nasema ni beringi ya gurudumu la kushoto. Fundi tuliyempigia hapokei tangu mchana, na hadi Masasi ni karibu kilomita 200.