Dau la saruji lilinifunza uinjinia kabla ya chuo

Nilipomaliza kidato cha nne hapa Lamu nikitaka kusomea uinjinia, washauri walikuwa wengi kuliko punda. Mmoja aliniambia nimeze mitihani ya zamani tu. Mwingine, ambaye hajawahi kushika hata bisibisi, akasema bila kompyuta ya bei mbaya nisijisumbue. Yangu ya kwanza niliinunua mkononi mwa mtu, elfu kumi na kitu, bawaba imefungwa kwa waya, na kazi ilifanya.

Kilichonifaa ni dau.

Nikisubiri matokeo nilikuwa nikipakia saruji gatini, na swali likanikaa: mifuko arubaini ikiingia, dau litazama kiasi gani? Kitu kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na wake. Mfuko ni kilo 50, basi jumla ni tani mbili. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ni kama kilo 1,025. Kilichokosekana ni eneo la dau pale linapokatwa na uso wa maji, na dau halina kona moja iliyo mraba.

Maji yalipokupwa, likiwa limetegemezwa kwa magogo lisilale, nikaona ukoga umechora mstari ubavuni. Uso wa maji ndio huo! Kila mita moja, toka omo, yaani mbele, hadi tezi, nyuma, nikapima upana wa juu, nikaning'iniza kijiwe kwa uzi, nikapima pengo kati ya uzi na ubao penye ukoga, nikalitoa kila upande. Watoto walinicheka, tope hadi magotini. Kisha kanuni ya trapezi ya kukadiria eneo kwa vipande, ile ya kidato cha nne ambayo wenzangu waliifanyia mtihani wakaisahau: mita 13 za mraba. Kilo 2,000 nikagawa kwa 1,025, kisha kwa eneo hilo. Jibu, sentimita 15.

Nikamwendea nahodha nimefura. "Ami, mifuko arubaini, litaketi kiasi gani?"

Hata tambuu hakutema. "Vyanda vinane, mwanangu."

Nilivipima vidole vyake. Kumi na tano na nukta! Tukapakia, nikachora chaki kabla na baada: likazama kumi na nne, kwa kuwa ubavu hupanuka kadiri unavyopanda. Yeye alikadiria kwa jicho, mimi nilikesha.

Hesabu, fizikia na kemia usizichezee, hilo wanajua wote. Wasilolisema ni kwamba kabla ya kujaza kozi KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, hakikisha Bodi ya Wahandisi ya Kenya inaitambua. Shahada ni miaka mitano, ni mingi mno kuja kugundua mwishoni. Pia nenda Matondoni ukae na mafundi wa majahazi. Usiulize wanafanyaje, uliza mbona ubao huu na si ule.

Atachimenti, yale mafunzo ya kazini ya mwanachuo, niliiomba Bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Kwenye usaili wenzangu walitaja alama zao, mimi nikaomba kalamu nikachora dau. Mzee mmoja mezani akacheka, akasema melini hufanywa vivyo hivyo: husomwa tarakimu zilizochorwa ubavuni kabla na baada ya kupakia, uzito wa shehena ukajulikana. Nafasi nikaipata. Posho hakuna, nauli ya boti juu yangu, na kitabu cha kazi nilikijaza kila jioni, maana ukingoja Ijumaa utaandika uongo.