Siku dada aliposomewa majibu

Binti yangu ametimiza miaka 10, na shuleni wameambiwa watachanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Juzi akaniuliza, "Mama, mamkubwa naye alichanjwa?"

La. Chanjo hii serikali iliizindua Oktoba 2019, papa hapa Mombasa, kwa wasichana wa umri wake. Dada wakati huo alikuwa keshaoza binti.

Yeye alianza kwa kutokwa damu isiyo ya siku zake. Tukahangaika na vidonge vya hiki na kile, mpaka akakatwa kinyama kikapelekwa maabara, kisha akapigwa picha za mwili mzima.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alitugeuzia kompyuta tuone wenyewe. Dada akanyoosha kidole, hina ya harusi ya jirani bado iko kwenye kucha.

"Hili ndilo ini langu?"

"Ndilo, mama."

"Na madoa haya?"

Ndipo akaeleza. Ugonjwa ulianzia kwenye mlango wa kizazi, lakini si ile saratani inayowapata wengi. Hii ni ya seli ndogo, adimu, ina mbio, na huingia kwenye damu mapema ikafika ini, mapafu, hata mifupa. Akataja dawa mbili za dripu, sisplatini na etoposidi, akasema zitaupunguza kasi. Kupona hakukutaja, na dada hakuuliza.

Nilidhani atalia. Alikunja ncha ya buibui, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akasema, "Na huyu mdogo wangu? Mpimeni leo leo."

Daktari akamwambia ugonjwa huu si wa kurithi, mara nyingi chanzo ni kirusi cha HPV, hasa aina ya 18. Ila kupimwa ni vyema kwa kila mwanamke. Dada alishika hilo la mwisho tu.

Nikaingizwa chumba cha pili. Muuguzi akapaka siki kwenye mlango wa kizazi, akangoja aone kama patageuka peupe. Hapakugeuka.

Dada alikuwa kwenye benchi nje, bahasha ya picha zake mapajani. Nilipomwambia niko salama, alisema "Alhamdulillahi!" kwa sauti hadi watu wakageuka. Alifurahi kweli, namjua dada yangu. Mimi sikujua nifurahi vipi mbele yake, na hata sasa, kila nikirudi kupimwa, sijui.