Karanga za Mzee kwenye kona za Matamba

Kazi yangu kwenye msafara wetu wa baiskeli ni kukaa mkiani. Fundi hatangulii. Ukitangulia, anayekatikiwa cheni huko nyuma atakupata wapi? Basi mlima wa Matamba, kule Makete, niliupanda wa mwisho kati ya watu 14, begi la spana mgongoni, na kwenye keria nimefunga tairi la akiba pamoja na bomba la mguu ambalo kila kilima kikianza naapa nitaliuza.

Tulitoka Iringa Jumatatu. Tukalala Mafinga, Makambako, halafu Chimala. Siku tatu za lami na malori ya Zambia, sina la kusimulia zaidi ya vumbi na pancha mbili. Alhamisi alfajiri tukala wali maharage (ukiwa Usangu, kwenye mpunga wote ule, ukanywa chai kwa mkate, umejidhulumu mwenyewe), tukaiacha barabara kuu na kukata kushoto kuelekea milimani.

Njia hiyo watu wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Bonde la Usangu liko mita 1,000 na ushee kutoka usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo, tulikokuwa tunaenda kuona maua kesho yake, uko kama mita 2,600. Tofauti hiyo hailipwi na mtu mwingine, unailipa wewe kwa mapaja yako.

Tulikuwa na mzee wa miaka 63, mstaafu, tunamwita Mzee wa Karanga kwa sababu hajawahi kuonekana bila karanga. Yeye alisema jina si ushahidi, kona atazihesabu mwenyewe. Mfuko wa kushoto wa koti alijaza karanga, wa kulia akauacha mtupu. Kila kona, karanga moja inahama kutoka kushoto kwenda kulia. Jioni tutahesabu za kulia. Tukacheka, lakini hakuna aliyekuwa na mbinu bora zaidi.

Usiku ule Chimala niliwaambia wote: shusha gia kabla hujaingia kona, usisubiri uwe katikati yake umesimama juu ya pedeli. Ukibadilisha gia huku umekanyaga kwa nguvu zote, cheni inavutwa upande na mzigo wote uko juu yake. Waliitikia kwa vichwa. Kona ya 11 nikasikia "ta!" Kijana wa Dar, baiskeli yake bei ya pikipiki, cheni iko chini kama nyoka aliyepigwa.

Cheni za kisasa ni nyembamba, na vipande vya akiba nilivyobeba vilikuwa vya zile nene za zamani. Ikabidi nitoe kipande kilichopinda, niunge kilichobaki. Cheni ikawa fupi. Nikamwambia: ukiweka meno makubwa mbele na makubwa nyuma kwa pamoja, utang'oa kila kitu, na mimi nitakuwa nimekupita. Safari hii alisikiliza.

Nikiwa bado nafuta mikono, akashuka jamaa na Phoenix amefunga gunia la viazi. Baiskeli haina breki hata moja. Mguu wa kulia amevaa katambuga, kandambili ya tairi la gari, na kisigino kimelalia tairi la nyuma. Tairi kwa tairi! Alisimama bila kelele, pale pale alipotaka kusimama. "Shikamoo fundi," akanipa, ingawa nadhani tunalingana, "mkono wa pedeli unacheza." Nikatazama: kotapini, ile pini inayoushika mkono wa pedeli, imelegea. Nikaokota jiwe, nikaigonga mara nne, nikakaza nati. Dakika mbili. Kwa zile baiskeli 14 tulizokuwa nazo, hakuna hata moja ambayo ningeitengeneza kwa jiwe. Alikataa kuondoka mpaka nipokee viazi, nikavijaza kwenye begi juu ya spana, kana kwamba mzigo ulikuwa haujatosha.

Kuanzia hapo ukungu ukashuka, halafu mvua. Udongo ukaanza kuganda kwenye matairi hadi magurudumu yakagoma kuzunguka. Dada mmoja wa Dodoma akashuka, akaanza kukokota, na akawapita wanaume watatu waliokuwa bado juu ya siti wakihangaika kwa heshima zao. Mvua ilipokatika tukageuka nyuma: Usangu yote iko chini, majaruba yanameta, na mlio wa mashine ya kukoboa mpunga unapanda mpaka kwetu kutoka mahali ambapo hata nyumba hazionekani.

Matamba tulifika saa kumi jioni. Baridi ya huko haibishi hodi. Wenyeji wetu walikuwa wamewasha moto jikoni nyuma ya gesti, watu wakaanika makoti kuuzunguka, wakaenda kuoga maji ya moto kwa zamu. Mimi nikabaki na tyubu tano za kuziba. Viazi nikavifukia kwenye majivu. Mama wa gesti akaniletea ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye kikombe cha bati, nikakaa napiga msasa, napaka solusheni, nangoja ikauke, nabandika. Njaa inauma na viazi havijaiva. Kulikuwa na koti karibu na bega langu, mfukoni mna karanga. Nikatafuna moja. Nikatafuna nyingine. Akili ilikuwa kwenye solusheni.

Mzee alirudi na taulo shingoni, akakusanya watu, akamimina mfuko wa kulia juu ya meza. Akahesabu kwa sauti, akarudia mara ya pili.

"Hamsini na mbili!" akasema. "Jamani, miaka yote hii tunadanganywa."

Ubishi ukawaka. Kijana wa Dar alikuwa na 59, dada wa Dodoma alisema yeye aliacha kuhesabu alipoanza kukokota. Mwishowe Mzee akanigeukia mimi, kwamba fundi ndiye mtu wa vipimo, aseme. Nikamwonyesha kwa kidole kwamba siwezi kuongea, nimeshika kiraka kwa meno.

Tyubu ilikuwa ya kwake.