Picha ya 87

Julai 2017, chumba cha uani katika nyumba ya kupanga, Dar es Salaam. Watu watatu, meza moja, na bibi mwenye kimo cha sentimita 26 ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Kipande cha filamu kilikuwa cha sekunde 10 tu. Katika animesheni ya vikaragosi, ambamo kila msogeo hupigwa picha yake, sisi tulikuwa tukipiga picha 12 kwa sekunde. Kwa hiyo picha 120. Ilipofika ya 87, kiganja cha kulia kikabaki kimeng'ang'ania nazi, mkono uko pembeni.

Ubovu ulikuwa umezaliwa wiki sita kabla, siku ya kusokota waya.

Mifupa ya kikaragosi kama huyu ni waya wa alumini. Ule wa kufungia nondo haufai, kwani ukiukunja hurudi kidogo, na mkono unaorudi nusu milimita kila ukiuachia huonekana kwenye skrini kama mtu mwenye homa. Alumini hubaki ulipoiweka. Miguu na uti wa mgongo tulitumia nyuzi mbili za milimita 1.5, mikono nyuzi mbili za milimita 1. Ncha moja hubanwa kwenye jiliwa, nyingine kwenye drili, kisha unasokota polepole. Drili ikikimbia, waya hukakamaa kabla haujaanza kazi, na waya uliokakamaa umeshakula sehemu ya mikunjo yake. Baada ya hapo, paja, kifua na mkono hufunikwa kwa putti ya epoksi, ile ya kuziba mabomba, ili kikaragosi kikunjike kwenye viungo peke yake.

Kwenye kifundo cha mkono tuliacha milimita 3 za waya mtupu kati ya putti na putti. Kwa macho ilipendeza, mkono ulikuwa mkono wa mtu. Lakini waya mfupi namna ile hauna pa kupeleka mkunjo. Hukunjwa palepale unapochomoza kwenye putti, kila mara. Ungeachiwa milimita 8 hadi 10, mkunjo ungesambaa. Tena tuliushika kwa plaizi yenye meno, ikauachia vidonda, na ufa huanzia kwenye kidonda.

Na kukuna nazi ni kazi ya kifundo. Mwanzoni tulimfanya Bibi asukume nazi mbele na nyuma kama anayepiga randa. Jirani yetu, mama mtu mzima, alisimama mlangoni, akatazama, akasema: "Wanangu, huyo hajapata kukuna nazi. Kifuu kinazungushwa, la sivyo atakuna na gamba." Alisema kweli. Tukaongeza mzunguko kidogo katika kila mkuno. Picha zikawa za kweli, ila waya ambao awali ulikuwa unakunjwa sasa ukawa unakunjwa na kusokotwa kwa pamoja.

Nguo ndiyo iliyokula muda wetu kuliko kitu kingine. Tulijenga kwa kipimo cha moja kwa sita, hivyo kanga ya sentimita 150 kwa 110 inakuwa kama 25 kwa 18. Huwezi kukata kanga halisi ukaishona: maua yake ni makubwa, na kitambaa hakipungui unene kwa sababu mvaaji ni mfupi. Juu ya kikaragosi kinasimama kama turubai. Tukanunua bafta nyembamba Kariakoo (muuzaji akatupa pole, akidhani tumefiwa), tukaifua kuondoa wanga, tukachora pindo na mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, kwa rangi ya maji iliyozimuliwa sana. Rangi nzito hupasuka kwenye mikunjo. Jina tuliliandika kwa kalamu ya kitambaa, herufi za milimita 3: WEMA HAUOZI. Kabla ya kukata, ukingo ulipakwa gundi nyeupe ya mbao iliyotiwa maji, vinginevyo nyuzi huanza kufumuka na kila picha inakuwa na ndevu zake.

Shida kubwa ya nguo ni vidole. Kila ukimgusa Bibi kanga inahama kidogo, na picha zikikimbia utaona kitambaa kinachemka kama uji. Katika filamu ya King Kong ya 1933 manyoya ya sokwe yanatetemeka kwa sababu hiyohiyo. Dawa yetu ilikuwa karatasi ya alumini ya jikoni, iliyogandishwa upande wa ndani, na waya wa nusu milimita ndani ya pindo. Kanga hiyo ukiikunja inakaa, na ukiigusa kwa bahati mbaya unaweza kuirudisha.

Jiko lenyewe halikusumbua. Sakafu ilikuwa plaiwudi ya milimita 9, nyembamba makusudi ili bolti ndogo ipite kutoka chini na kukamata nati iliyozikwa kwenye nyonga ya Bibi. Hakuna kitu kilichozidi sentimita 50 kutoka ukingo wa meza. Zaidi ya hapo kiwiko chako kitaangusha chungu. Kifuu kilifinyangwa kwa putti juu ya gololi kubwa iliyopakwa mafuta. Machicha yalitutesa zaidi. Nazi ya kweli iligeuka njano chini ya taa, na povu jeupe la maboksi ya televisheni liling'ang'ania vidole na kuruka ukipumua. Sabuni nyeupe iliyokunwa ndiyo iliyotulia.

Basi, picha ya 87. Kishawishi cha kwanza ni gundi ya supa. Haishiki, maana ncha mbili za waya zilizogusana hazina eneo la kushikana. Tuliacha taa zikiwaka, kamera haikuguswa. Kabla ya kumgusa Bibi, ili tujue pa kumrudisha, tulisimika vijiti vitatu vya waya kwenye madongo ya plastisini: kimoja ncha yake kwenye pua, kimoja kwenye kiwiko, kimoja kwenye ukingo wa kifuu. Kisha tukachana sponji iliyouvika mkono, sentimita moja, tukachonga putti kwa wembe hadi waya ukatokea, tukauvisha kipande cha bomba la antena ya redio mbovu. Antena hizo ni mabomba yanayoingiana, kwa hiyo lipo la kukutosha. Upande wa mkono tuliugandisha kwa epoksi. Upande wa kiganja uliingia wenyewe ukiwa na waya mpya, mrefu wa milimita 9. Hakikuguswa kitu kwa saa nzima, huku tukiomba umeme usikatike.

Pozi ya 87 yenyewe hatukuirudia. Ilikuwa ncha ya mkuno, mahali mkono unapopunguza mwendo ili urudi, na hapo jicho linaona hata milimita moja. Mkuno mmoja, kwenda na kurudi, ulikuwa picha 6. Tukaifuta 87, tukaunga kwenye 86, katikati ya mwendo, ambapo mkono unaruka milimita 5 kwa picha moja. Kosa la milimita moja linazama humo.

Saa moja usiku tukaendelea, hadi picha ya 120. Kesho yake, katika kipande kilichofuata, kifundo cha kushoto nacho kikakatika, picha ya 31. Bomba lilikuwa limeshakatwa na liko mezani. Tukaanza na kuchomeka vijiti.